Panya Hakupuliza

Baba aliamka kwa adhana ya alfajiri kama alivyozoea, akaketi ukingoni mwa kitanda, akashusha miguu akizitafuta ndala zake gizani. Mama, ambaye alikuwa ameshawasha taa, ndiye aliyeona shuka limelowa damu upande wa miguuni. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimetafunwa ubavuni, nyama imeondoka kiasi cha sarafu ya shilingi mia, na kingo za jeraha zilikuwa na alama ndogo ndogo za meno. Baba alikiinamia kidole kile, akakitazama kama anayetazama kitu cha mtu mwingine, kisha akauliza, "Hiki ni nini tena?" Hakuwa amehisi chochote usiku kucha.

Majirani waliokuja kumpa pole walikuwa na maelezo tayari, na ni maelezo ambayo kila aliyekulia katika nyumba za pwani anayajua: panya hung'ata huku akipuliza. Anauma kidogo, anapuliza ili usihisi, anauma tena, na ndiyo maana mtu huamka asubuhi akakuta ngozi ya kisigino haipo. Msemo huu tumeuhamishia hata kwa watu, tukisema fulani anang'ata na kupuliza. Mimi nilifika Tanga siku ya pili yake, nikitokea Morogoro ninakofundisha, na niliposimuliwa hayo niliitikia kwa kichwa. Nimefundisha baiolojia ya sekondari kwa miaka 16. Kila mwaka huchora ubaoni seli ya neva, matawi yake mafupi, kiwiliwili chake na mkia wake mrefu, na kila mwaka wanafunzi huinakili katika madaftari yao. Mbele ya kidole cha Baba sikuikumbuka picha ile hata kidogo, na hilo bado linaniuma.

Dalili zilikuwepo kwa miaka miwili. Jioni moja Baba alirudi kutoka msikitini baada ya swala ya Magharibi akiwa na ndala moja tu. Nyingine ilikuwa imemvuka njiani, naye alitembea nusu ya mtaa, mguu mmoja mtupu juu ya kokoto, bila kujua. Tulisema ni uzee. Visigino vyake vilipasuka magaga makubwa, tukampakaa mafuta ya nazi. Na usiku alilalamika kwamba miguu inamwaka moto, kiasi kwamba hakuweza kuivumilia hata shuka, akawa anaitoa nje ya chandarua ili ipate upepo. Hapo ndipo panya alipoikuta.

Miguu isiyohisi kokoto mchana ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikimwaka moto usiku. Mambo hayo mawili yalionekana kupingana, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeyaunganisha. Katika zahanati aliyokwenda mara tatu kwa ajili ya ganzi alipewa vidonge vya vitamini na dawa za maumivu, akaambiwa damu haitembei vizuri, na hakuna siku aliyotobolewa kidole ili sukari yake ipimwe. Ilipopimwa hatimaye, katika hospitali tuliyompeleka kwa sababu ya kidonda, ilisoma milimoli 19 kwa lita, ilhali mtu aliyefunga tangu usiku huhesabiwa kuwa na kisukari akifikisha 7.

Muuguzi wa kliniki ya kisukari alimlaza Baba chali, akamvua soksi, akatoa uzi mgumu wa nailoni uliochomekwa kwenye mpini mdogo, unaofanana na unywele mmoja wa mswaki. Uzi huo umetengenezwa ili ujipinde pale nguvu inayoubonyeza inapofika gramu 10, na mtu ambaye neva zake ni nzima huuhisi bila taabu. "Mzee wangu, fumba macho," alisema muuguzi. "Kila ukihisi nimekugusa, niambie ndiyo." Alianzia mkononi ili Baba ajue kitu chenyewe kikoje, na Baba akajibu ndiyo kwa sauti kavu ya mtu anayejua jibu. Uzi ukashuka hadi kwenye goti, ndiyo. Kwenye muundi, ndiyo, kwa kuchelewa kidogo. Kisha ukafika unyayoni, ukapinda, ukainuliwa, ukawekwa chini ya kidole cha pili, ukapinda tena, na chumba kikawa kimya. Kimya kilipozidi, Baba akasema ndiyo. Mkono wa muuguzi ulikuwa hewani, haujagusa mahali popote.

Nadhani ndiyo ile ndiyo iliyonirudisha ubaoni. Baba hakuwa akidanganya. Ubongo wake ulikuwa umezoea kupokea taarifa kutoka miguuni kwa zaidi ya miaka 60, na taarifa zilipokatika uliendelea kusubiri, na katika kusubiri ukasikia hodi ambayo haikupigwa. Ndipo nilipoanza kusoma upya habari za neva, safari hii nikimtazama mtu mmoja badala ya mchoro.

Neva inayohisi ngozi ya kidole gumba cha mguu si waya uliounganishwa kwa vipande. Ni kifungu cha nyuzi, na kila uzi ni mkia wa seli moja. Kiwiliwili cha seli hiyo hakikai mguuni. Kimejificha katika fundo dogo kando ya uti wa mgongo, maeneo ya kiunoni, na kutoka hapo seli inanyoosha mkono mmoja kwenda chini, kupitia nyonga, nyuma ya paja, nyuma ya goti na kifundo cha mguu hadi kwenye ngozi ya kidole, na mkono mwingine kwenda juu, ndani ya uti wa mgongo, hadi chini ya ubongo. Kwa mtu mrefu kama Baba, seli hiyo moja ina urefu unaozidi mita moja na nusu, ilhali unene wa mkono wake haufiki sehemu moja ya hamsini ya milimita. Hakuna seli nyingine katika mwili wa binadamu iliyoumbwa hivyo, na taabu nyingi za neva zinaanzia katika umbo hilo.

Mkono huo mrefu, ambao wataalamu huuita aksoni, hauna kiwanda chake cha kuulisha. Protini karibu zote zinazohitajika kidoleni hutengenezwa kiunoni, katika kiwiliwili cha seli, kisha husafirishwa ndani ya aksoni juu ya reli za protini. Mtu aliyekulia Tanga ataielewa picha hiyo haraka, kwa kuwa katika mashamba ya mkonge vilikuwepo vitoroli vilivyobeba majani kutoka shambani hadi kiwandani juu ya reli nyembamba, na reli ikiharibika mahali pamoja, vipande vya mbali ndivyo vilivyokwama kwanza. Mizigo ya haraka katika aksoni husafiri takribani sentimita 40 kwa siku. Mizigo ya polepole, ikiwemo ile inayojenga kiunzi chenyewe cha aksoni, husogea milimita chache tu kwa siku, kwa hiyo kinachotoka kiunoni leo kinaweza kufika kidoleni baada ya mwaka mzima au zaidi.

Ujumbe wenyewe, kwa bahati njema, hausafirishwi kwa vitoroli. Ndani ya neva iliyotulia kuna umeme hasi wa takribani milivolti 70 ukilinganishwa na nje, kwa sababu seli hutumia nguvu nyingi, mchana na usiku, kuitoa chumvi ya sodiamu nje na kuiingiza ya potasiamu ndani. Ngozi inapobonyezwa, vilango vidogo katika utando wa neva hufunguka, sodiamu inaingia kwa kishindo, umeme unageuka kwa muda mfupi usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde, kisha potasiamu inatoka na hali inarudi kama ilivyokuwa. Mgeuko huo wa mahali pamoja huamsha vilango vya jirani, navyo vya jirani yao, na wimbi hilo ndilo tunaloliita ujumbe wa neva. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walilifafanua kwa hesabu mwaka 1952 wakitumia neva nene ya ngisi, mnyama ambaye wavuvi wetu humtoa baharini kila siku, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Si neva zote zinazokwenda kwa mwendo mmoja. Nyingine zimevishwa ala ya mafuta iitwayo mailini, inayofungwa tabaka juu ya tabaka na seli za Schwann na kuachwa mianya midogo kila baada ya milimita moja hivi, na ujumbe katika neva hizo huruka kutoka mwanya hadi mwanya. Neva za kugusa zinapita mita 50 kwa sekunde. Zile nyembamba zisizo na ala kabisa, zinazobeba joto na maumivu ya kuunguza, hutambaa kwa mita moja hivi kwa sekunde. Baba, ambaye ni fundi seremala, aliwahi kunieleza jambo hili nikiwa mdogo bila kujua jina la neva hata moja. Nilikuwa nimemshikia msumari, nyundo ikamteleza na kumpiga kidole gumba cha mkono. Akakikunja kidole mdomoni, akatulia, akaniambia, "Maumivu huja mara mbili. La kwanza linakuambia umeumia. La pili linakuja nyuma yake kukuambia umeumia kiasi gani." Ndivyo ilivyo hasa. Lile la kwanza, kali na lenye mahali maalumu, huletwa na neva zenye ala nyembamba. Lile la pili, zito na linalosambaa, huletwa na zile zisizo na ala.

Mkono hujiondoa kabla ya yote mawili. Mtu akishika sufuria ya moto, ujumbe ukifika kwenye uti wa mgongo hugeukia hapo hapo kwenye misuli, na mkono unaruka kabla ubongo haujapata habari. Kwa mtu aliyelala ni vivyo hivyo: mguu hujikunja, na maumivu yakizidi yanamwamsha. Ulinzi wote huo unategemea kitu kimoja tu, kwamba ncha ya neva katika ngozi iko hai.

Sukari inapozidi katika damu kwa miaka, ncha hizo ndizo zinazokufa kwanza. Seli za neva huipokea sukari bila kungoja ruhusa ya homoni ya insulini, tofauti na misuli, kwa hiyo damu ikijaa sukari nazo hujaa. Sehemu ya sukari hiyo hugeuzwa kuwa sorbitoli na kuivuruga kemia ya seli. Mishipa midogo ya damu inayoilisha neva yenyewe hunenepa kuta na kuziba. Reli za ndani nazo huchakaa, na mizigo huchelewa. Kwa kuwa seli zilizo ndefu kuliko zote ndizo zenye mzigo mkubwa wa kujitunza, ganzi huanzia vidoleni mwa miguu, hupanda taratibu kama soksi inayovutwa juu, na inapokaribia magotini huanza pia katika ncha za vidole vya mikono. Karibu nusu ya watu wenye kisukari hufikwa na madhara ya neva katika maisha yao.

Na ule moto wa usiku? Neva inayokufa hainyamazi mara moja. Nyuzi nyembamba zilizojeruhiwa hupoteza utulivu wa umeme wao na kuanza kupiga ujumbe zenyewe, bila kuguswa na chochote, na ubongo, usiokuwa na njia ya kuhakiki, huusoma ujumbe huo kuwa ni moto. Miguu ya Baba ilikuwa inawaka kwa sababu ile ile iliyoifanya isihisi kokoto. Magaga nayo yalitoka huko huko, maana tezi za jasho zinaendeshwa na neva, na zikikosa amri ngozi hukauka na kupasuka. Neva za aina hiyo, zinazoendesha mambo tusiyoyaamrisha, zinakwenda pia kwenye moyo, tumbo na kibofu, na ndiyo sababu mtu mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kupata shambulio la moyo bila yale maumivu ya kifua ambayo yangempeleka hospitali.

Kosa kubwa tulilolifanya nyumbani lilikuja baada ya panya. Mama, kwa mapenzi, alichemsha maji yenye chumvi na majani ya mwarobaini ili Baba aloweke mguu na kidonda kikauke. Baba aliuzamisha, akakaa akizungumza na wageni, na alipoutoa ngozi ya juu ya unyayo ilikuwa imefura malengelenge. Yeye alisema maji yalikuwa ya uvuguvugu. Mama hakuwa ameyagusa, kwa kuwa anayeloweka mguu ndiye huulizwa kama maji yanamtosha, na hivyo ndivyo inavyofanyika katika nyumba zote ninazozijua. Nawasihi wanaomtunza mtu mwenye ganzi wayapime maji kwa kiwiko chao wenyewe, na kidonda kama kile kisilowekwe kabisa bali kisafishwe na kufungwa.

Katika kusoma kwangu nilikuta kwamba panya wetu si wa kwanza. Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Muhimbili wameandika katika majarida ya kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari wa Dar es Salaam waliong'atwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wakachelewa kutafuta matibabu kwa sababu hawakuumia. Na miaka mingi kabla yao, huko Vellore, India, daktari wa upasuaji Paul Brand, aliyeanza kazi hapo mwaka 1946, alisumbuliwa na jambo kama hilo kwa wagonjwa wa ukoma. Wakati huo watu wengi, hata madaktari, waliamini kwamba ukoma unakula nyama na ndiyo maana vidole hupotea. Brand alionyesha kwamba kinachoupoteza mkono ni majeraha yasiyohisiwa: sufuria ya moto, kisu, kiatu kinachobana. Vidole vichache viliendelea kupotea usiku bila sababu kuonekana, mpaka watu walipokesha kulinda na kuwaona panya wakija kutafuna mikono ya waliolala. Wagonjwa wakawa wanapewa paka wa kuondoka nao.

Ukoma nao ni ugonjwa wa neva kabla ya kuwa wa ngozi. Bakteria wake, aliyetambuliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, hupenda kuishi ndani ya zile seli za Schwann zinazoifungia neva ala yake, na huchagua sehemu za mwili zilizo baridi kidogo, ambako neva hupita karibu na ngozi. Kwenye kiwiko kuna mojawapo. Ndiyo ile ambayo ukijigonga ukingoni mwa meza husisimka hadi kidole cha mwisho. Bakteria huyo huzaana polepole mno, akihitaji karibu wiki mbili kujigawa mara moja, kwa hiyo miaka mitano na hata 20 inaweza kupita kabla ya dalili. Doa lililofifia lisilohisi mguso wa pamba ndilo dalili ya kwanza, na mtu hulipuuza kwa kuwa haliumi. Dawa zipo na hutolewa bure, zinamuua bakteria, lakini haziirudishi neva iliyokwisha kufa.

Nikaanza kuliona jambo hilo hilo kila mahali, kwamba madhara mengi ya neva huja kimyakimya. Ubongo wenyewe, wenye uzito wa takribani kilo 1.4 na unaotumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu za mwili uliotulia, hauna neva za maumivu ndani yake, ndiyo maana madaktari wanaweza kuupasua huku mgonjwa akiwa macho na akizungumza nao. Mfumo unaoupa mwili wote uwezo wa kulia hauwezi kujililia wenyewe.

Muhogo mchungu ni mfano unaotuhusu kwa karibu sana, kwa kuwa ni chakula chetu. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime katika mkoa wa Mara walikumbwa na konzo, ugonjwa ulioelezwa kwanza mwaka 1938 katika eneo la Kwango nchini Kongo, na ambao jina lake kwa lugha ya Kiyaka linaeleza miguu iliyofungwa. Mtoto au mama aliyelala mzima huamka miguu imekakamaa, na hairudi kama zamani maisha yake yote. Chanzo ni sianidi ya muhogo mchungu ambao, kwa sababu ya njaa, haukulowekwa wala kukaushwa kwa siku za kutosha. Mwili unaweza kuiondoa sianidi kidogo kwa kutumia salfa inayotoka katika protini, lakini mwenye njaa hana samaki wala maharage, kwa hiyo sumu hubaki. Hapa zinazokufa si neva za kuhisi. Ni zile za amri, zinazoshuka kutoka ubongoni kwenda kwenye uti wa mgongo, na kati ya hizo zile zinazokwenda miguuni ndizo huumia kuliko zote. Kuna njia rahisi ya kuupunguza ubaya wa unga ambao hauna uhakika: unachanganywa na maji, unatandazwa kwa tabaka jembamba, unaachwa saa mbili juani au tano kivulini ili sianidi itoroke hewani, kisha unasongwa ugali siku hiyo hiyo. Natamani kila shule katika maeneo ya muhogo mchungu ingefundisha hilo.

Dawa nazo zina upande wake. Isoniazidi inayotibu kifua kikuu hupunguza vitamini B6 na inaweza kuleta ganzi, kwa hiyo mgonjwa hupewa vitamini hiyo pamoja nayo, na anayeiacha kwa kudhani ni nyongeza tu anajidhuru. Metformini, anayoimeza Baba sasa kila siku, ikitumiwa kwa miaka hupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao hula neva kwa namna inayofanana na kisukari chenyewe, hivyo inafaa kumkumbusha daktari aipime. Pombe ya kila siku hufanya vivyo hivyo. Na sindano ya makalio ikichomwa chini au upande wa ndani badala ya juu kwa nje, inaweza kuipata neva kubwa ya mguu, na mtoto aliyepelekwa kutibiwa homa akarudi akiburuta wayo.

Neva ya mguuni au mkononi iliyokatika, kama kiwiliwili chake ni kizima na ala yake ipo, huweza kuota tena kwa takribani milimita moja kwa siku. Ile ya ndani ya ubongo na uti wa mgongo haina bahati hiyo. Kwa Baba, daktari alitueleza bila kuficha: sukari ikishuka na kubaki chini, kufa kwa neva kutapungua mwendo, moto wa usiku unaweza kutulia, lakini tusitarajie unyayo kuhisi kama zamani. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu, kama vidole vya mikono navyo vitakwenda. Fundi wa mbao huujua ulaini wa ubao kwa ncha ya kidole. Macho hayaoni kile ambacho kidole kinakihisi baada ya msasa wa mwisho. Tangu siku ile nimemwona zaidi ya mara moja akipitisha kidole cha shahada juu ya ubao wa mninga aliokwisha kuupiga randa, akifumba macho, akirudia, na sijamwuliza anatafuta nini.

Kidole cha mguu hakikukatwa. Kilichukua miezi minne kufunga, kikisafishwa kila siku na kuondolewa nyama iliyokufa, na Baba akizuiwa kukikanyagia, jambo lililokuwa gumu kuliko dawa zote. Vidonda vya namna hiyo watu huviita donda ndugu na kuvitafutia mganga, wakisema ni uadui wa mtu, na wengi hufika hospitali wakati kinachojadiliwa ni mguu ukatwe chini ya goti au juu yake. Kwa wengi wao, miaka kadhaa kabla ya donda, kulikuwa na ndala iliyovuka njiani.

Kuhusu kupuliza, nimelifikiria sana neno hilo, kwa sababu wazee hawakulizua bure. Mtoto akijiunguza, mama humpuliza, na mtoto hutulia kweli. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mfano wa mlango, na kwamba ujumbe wa mguso laini unaokuja kwa neva za haraka unaweza kuubana mlango huo mbele ya maumivu yanayokuja kwa neva za polepole. Maelezo yao yamerekebishwa sana tangu hapo, lakini kiini chake kimebaki, na pumzi ya mama, kwa baridi yake na wepesi wake, ni mojawapo ya miguso hiyo. Kupuliza kunapunguza maumivu kwa mtu ambaye neva zake zinafanya kazi. Katika chumba cha Baba usiku ule hapakuwa na pumzi wala mlango wa kubana. Mtu mwenye neva nzima angeamka kwa jino la kwanza.

Siku hizi Mama huketi naye barazani baada ya Alasiri, mguu wa Baba mapajani mwake, kioo kidogo kikiwa kimeegemezwa kwenye kigoda ili Baba naye aone unyayo wake. Hupitisha kitambaa kikavu kati ya vidole, hutazama wekundu, hutazama malengelenge, hupakaa mafuta kisiginoni lakini si kati ya vidole, ambako unyevu huleta fangasi. Kuna paka. Chandarua kimefungwa pande zote, na badala ya ndala Baba huvaa viatu vya kufunika, vipana mbele, ambavyo kabla ya kuvivaa huvipindua, huvigonga, kisha huingiza mkono ndani na kupapasa hadi mwisho kwa vidole vyake vinavyohisi bado. Wiki iliyopita alipapasa hivyo akatoa skrubu ya nusu inchi, iliyodondokea humo kutoka kwenye meza yake ya kazi. Aliigeuza geuza kiganjani, akajichoma nayo kidogo kwenye ncha ya kidole gumba cha mkono, akasema, "Hii naisikia," akaiweka juu ya dirisha.